Jesse Knight, mgodi wa Humbug na shamba la kaka yako

Msomaji wa Geita ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Mama alituachia shamba, na kaka yangu mkubwa ndiye msimamizi. Mwezi uliopita alisikia mahubiri kuhusu Mmormoni mmoja wa Marekani, Jesse Knight, aliyesikia sauti mlimani, akaweka shamba lake rehani, akachimba, akatajirika, kisha akalisaidia kanisa lake. Tangu siku hiyo kaka anasema na yeye anaweka shamba letu rehani afungue duara, yaani shimo la kuchimbia madini. Huyu mtu alikuwepo kweli? Na huo ukarimu ulikuwa wa kweli, au ni sifa tu ambazo matajiri hupewa wakishakufa?"

Marahaba, kijana wangu. Jesse Knight alikuwepo, na mengi kaka yako aliyoyasikia ni ya kweli. Tatizo ni kwamba habari yenyewe imefika Geita ikiwa imekatwa kichwa na kiuno. Mhubiri ameanzia kwenye sauti na kumalizia kwenye hundi. Niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa mama yake, kwa sababu mimi kila nikisoma maisha ya Knight najikuta namrudia huyo mama.

Aliitwa Lydia. Mumewe, Newel Knight, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kumfuata Joseph Smith, aliyelianzisha kanisa la Wamormoni mwaka 1830 katika jimbo la New York. Wafuasi hao walifukuzwa kutoka mahali hadi mahali. Smith aliuawa na kundi la watu wenye hasira huko Illinois mwaka 1844. Jesse alizaliwa Nauvoo, Illinois, Septemba 1845, na baridi iliyofuata ilipoingia watu walikuwa tayari wanafunga mizigo kukimbilia magharibi. Januari 1847, wakiwa wamepiga kambi katika nchi ya Waponca, kabila la wenyeji, sehemu ambayo leo ni Nebraska, Newel aliugua akafa. Jesse hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja na nusu. Lydia akabaki na watoto saba, mdogo wao akiwa bado tumboni, barafu nje, na safari ndefu kuliko ile waliyokwisha kuimaliza. Hakufika Utah, kule magharibi walikokuwa wanakimbilia, mpaka mwaka 1850. Jesse alikulia huko akichimba mizizi ya porini ili familia ipate chakula, akikata kuni na kuziuza, akiswaga ng'ombe wa mkokoteni akiwa bado mtoto. Kwa hiyo alijua njaa ya mjane inavyofanana kabla hajajua mwamba wa madini unavyofanana.

Alipokua alimwoa Amanda McEwan mwaka 1869. Alikuwa na mke mmoja maisha yake yote. Nalisema hili kwa sababu najua swali lingefuata, maana Wamormoni wengi wa zama zile walioa wake wengi. Wakaanzisha ranchi karibu na mji mdogo wa Payson, na Jesse akawa mtu wa ng'ombe, wa farasi na wa kupekua milima akitafuta mawe ya madini. Kanisani alikuwa ameacha kwenda. Hakuwa mpinzani, alikuwa amepoa tu, huku Amanda akiwalea watoto katika imani peke yake.

Kilichombadilisha kilikuwa msiba. Panya alikufa ndani ya kisima chao, familia ikanywa maji hayo bila kujua, watoto wakaugua vibaya. Amanda alitaka wazee wa kanisa waitwe wamwombee binti yao mdogo. Jesse alikataa mwanzoni, akisema ni unafiki kumkimbilia Mungu siku ya shida baada ya kumpuuza miaka yote. Mwishowe akakubali, na mtoto akapona. Lakini binti yao mkubwa, Minnie, akafa. Watu wengi wakipata pigo kama lile humlaumu Mungu. Jesse alijilaumu mwenyewe. Alirudi kanisani, na alipokuwa na uwezo akalipa hata fungu la kumi la miaka aliyoiruka. Mhubiri wa Geita akiuacha msiba huu, anaiacha nusu ya mtu.

Sasa tupande mlimani. Eneo linaitwa Tintic, kusini-magharibi ya Salt Lake City, na mji wake mkubwa wa machimbo ni Eureka. Jina Tintic ni la kiongozi wa Waute, wenyeji wa nchi ile, aliyepigana na wahamiaji katika miaka ya 1850. Liweke hilo kichwani, litarudi. Madini ya fedha na risasi yaligunduliwa huko mwishoni mwa miaka ya 1860, hivyo Knight alipokuja kuyatafuta kwa nguvu katika miaka ya 1890, migodi ya jirani ilikuwa imeshatoa mali kwa miaka ishirini na zaidi. Mawe ya kule ni ya chokaa. Hapo kale maji ya moto yenye madini yalipenya ndani ya nyufa za chokaa, yakaila miamba kidogo kidogo, na mahali pake yakaacha mifuko na mikanda ya madini. Mikanda hiyo hufuata mstari chini ya ardhi kwa maelfu ya mita, lakini mara nyingi haionekani juu. Unaweza kukaa juu ya utajiri ukalisha mbuzi.

Knight alikuwa huko Tintic, upande wa mashariki wa mlima Godiva, amekaa chini ya mti, aliposikia sauti. Ndivyo alivyosimulia mwenyewe. Kwa Kiswahili maneno yale ni haya: nchi hii iko hapa kwa ajili ya Wamormoni. Aliyaamini mpaka siku anakufa, na mwenendo wake wa baadaye haueleweki kabisa usipokubali kwamba aliyaamini. Mimi ni mwanahistoria, sina kipimo cha sauti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba aliyeisikia alikuwa mtu aliyeisoma milima ile kwa miguu miaka mingi, na pale alipochimba palikuwa pamepakana na mkanda ambao wengine walikuwa tayari wanauvuna. Na kuna jambo ambalo nafsi yangu hainiruhusu kulinyamazia: nchi ile ilikuwa ya Waute kabla ya kuwa ya mwingine yeyote, na jina la eneo zima lilikuwa linasema hivyo. Knight aliona amana aliyokabidhiwa na Mungu. Watoto wa Tintic waliona nchi yao ikienda.

Alimwalika mchimbaji mmoja mzoefu washirikiane. Yule alitazama mawe ya chokaa yasiyo na dalili yoyote akasema hataki sehemu katika uzushi wa namna ile. Kwa Kiingereza alitumia neno humbug. Knight akaliandika hilo hilo kuwa jina la mgodi: Humbug. Mtikisiko wa fedha wa mwaka 1893 ulikuwa umeangusha bei ya madini na benki zilikuwa zinaogopa kivuli chao. Knight akaweka ranchi rehani. Walichimba njia ya kuingilia mlimani yeye na vibarua wachache, pamoja na mwanawe William, na mnamo Agosti 1896 wakafika kwenye madini ya risasi na fedha yenye thamani kubwa.

Siku ile alimwambia mwanawe jambo ambalo William alilikumbuka uzeeni: kwamba leo ndiyo siku ya mwisho kwake kushika sururu na kuchukua kibarua cha mtu mwingine, na kwamba tangu sasa kazi yake itakuwa kutengeneza ajira kwa wengine. Hebu fikiri. Mtu ana deni, mikono imejaa malengelenge, madini ndiyo kwanza yametokea, na fikra yake ya kwanza ni ajira za watu.

Na hapa ndipo ninapoitafuta sadaka ya Knight, kijana wangu, katika mshahara. Hundi zitakuja baadaye.

Migodi ya Tintic ilifanya kazi siku saba kwa wiki. Kibarua alikuwa akipata karibu dola 2.50 kwa siku. Knight alitaka watu wake wapumzike Jumapili, na alifahamu fika kwamba kumnyima maskini kazi ya siku moja kwa jina la Mungu ni kumtoza maskini gharama ya dini ya tajiri. Akaongeza senti 25 kwa kila siku ya kazi. Piga hesabu: siku saba za kwingine ni dola 17.50, siku sita za kwake ni dola 16.50. Mfanyakazi anapoteza dola moja anapata siku nzima ya kulala, ya kukaa na watoto. Wenye migodi jirani walikasirika, kwa sababu vibarua wao nao walianza kuuliza.

Karibu na mgodi akajenga mji, ukaitwa Knightville: nyumba zipatazo 65, kanisa, shule. Kambi za machimbo za magharibi mwa Marekani zilikuwa zinajulikana kwa baa, kamari na bastola. Wewe unaishi Geita, sihitaji kukueleza jinsi mshahara wa wiki unavyoweza kuisha usiku mmoja ndani ya banda la pombe mita hamsini kutoka kwenye duara. Knightville haikuwa na baa hata moja. Mke wa mchimbaji aliiona fedha ya mumewe ikifika nyumbani.

Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Aliyekamatwa na ulevi alipoteza kazi, na ukipoteza kazi kwenye mji ambao ardhi, nyumba na ajira ni vya mtu mmoja, umepoteza vyote. Knight alikuwa baba kwa wafanyakazi wake, na baba wa aina ile haulizwi maswali. Walimwita Uncle Jesse, yaani mjomba Jesse, na jina hilo lina mapenzi ya kweli ndani yake, lakini pia linaonyesha nani alikuwa anaamua. Sisi tuliosoma habari za kambi za makampuni ya migodi katika Afrika yetu tunaujua uzito wa hali hiyo. Hata hivyo, nikiweka pamoja wenye migodi wa wakati wake, sioni wengi waliokuwa tayari kulipa kutoka mfukoni mwao gharama ya kanuni walizowawekea wengine. Yeye alilipa.

Tuje kwenye kanisa. Mwaka 1887 serikali ya Marekani, katika vita vyake dhidi ya ndoa za wake wengi, ilitunga sheria ya kutaifisha mali za Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo kanisa la Wamormoni. Wanachama wengi, wakihofia mali zao kuishia serikalini, wakapunguza kutoa fungu la kumi. Kisha ukaja ule mtikisiko wa 1893. Kanisa likakopa huku na huko mpaka viongozi wake wakawa hawalali usingizi. Kabla hajapata kitu Knight aliwahi kumwambia mwanawe kwamba siku moja wangeliokoa jina la kanisa, na kijana alimwona baba kama mtu anayeota. Humbug ilipoanza kutoa, ndoto ikawa kazi.

Kuna kisa alichokisimulia Heber J. Grant, ambaye baadaye alikuwa rais wa kanisa hilo. Alimwendea Knight amsaidie dola 5,000 kwa ajili ya suala la deni. Knight akasita. Grant akamwambia: nenda nyumbani kaombe, kisha unijibu. Knight alirudi na dola 10,000. Alieleza kwamba kila alipoomba jibu lilikuwa kiasi hicho, naye akawa anamkumbusha Mungu kwamba Grant ameomba nusu tu, na jibu halikubadilika. Dola 10,000 za wakati ule zilikuwa mshahara wa siku 4,000 wa kibarua wa Tintic. Kanisa lilimaliza madeni yake mwishoni mwa mwaka 1906, na kwa haki kabisa sifa kubwa ni ya maelfu ya wakulima waliorudia kutoa fungu la kumi baada ya rais Lorenzo Snow kuwahimiza mwaka 1899. Knight aliziba ufa wakati ukuta ulipokuwa unataka kuanguka. Ukuta wenyewe waliujenga wengine.

Chuo kilichopo Provo, mji wa Utah, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Brigham Young, ni mfano mwingine. Wakati huo kilikuwa taasisi ndogo inayopumua kwa shida. Knight aliingia katika bodi yake mwaka 1901, na familia yake ikawa mchangiaji mkubwa kuliko wote wa jengo la Maeser, lililoanza kujengwa mwaka 1909 na bado limesimama juu ya kilima. Na mtazame binti yake Inez. Mwaka 1898 yeye na mwenzake Jennie Brimhall walitumwa Uingereza wakiwa wanawake wa kwanza wasioolewa kuidhinishwa rasmi na kanisa lao kuwa wamisionari. Wanawake vijana wa kanisa hilo unaowaona leo wakitembea wawiliwawili Dar es Salaam au Nairobi wanafuata njia iliyofunguliwa na hao wawili.

Alivuka pia mpaka hadi Kanada. Katika jimbo ambalo sasa ni Alberta alinunua ardhi kubwa, akaanzisha mji mwaka 1901 na kuuita Raymond, jina la mwanawe mwingine, kisha kiwanda cha sukari ya viazisukari kikafunguliwa mwaka 1903. Watu walipata mashamba na mahali pa kuuza mazao. Kiwanda kilifungwa mwaka 1914. Nakutajia hili makusudi, maana katika mahubiri Knight hashindwi kamwe, na Knight wa kweli alishindwa mara kadhaa. Alikuwa na migodi, kiwanda cha kuyeyushia madini, reli ndogo, kiwanda cha nguo za sufu Provo. Baadhi vilimpa faida na baadhi aliviendesha hasa kwa sababu watu wangekosa kazi. Mwaka 1908 chama cha Democratic kilimteua agombee ugavana wa Utah. Alikataa, akagombea mwanawe William, akashindwa. Knight alifariki Provo, Machi 1921.

Knightville yenyewe haipo tena. Madini yalipopungua nyumba zilihamishwa au kubomolewa, na pale mlimani kumebaki misingi na vifusi vya mawe.

Ndiyo, ukarimu ule ulikuwa wa kweli. Sababu yangu ni kwamba aliuanza kwa watu wasioweza kumsifu mahali popote, vibarua, kabla hajaufikisha kwa viongozi wenye mimbari. Alisema fedha ile ni ya Mungu na yeye ni mshika amana, na ukifuatilia zilikokwenda unaona aliishi hivyo. Ila usisahau kwamba duara la imani yake lilikuwa na mpaka. Kanisa lake la wakati ule, na hadi mwaka 1978, halikuwaruhusu wanaume weusi kupewa ukuhani. Leo lina waumini wengi katika nchi zetu na Kitabu cha Mormoni kinasomwa kwa Kiswahili. Knight hakuona hata dalili ya hayo.

Sasa kaka yako. Kaa naye jioni, bila kumdharau, maana aliyeguswa na habari ya mtu mwema hajafanya kosa. Mwambie kwamba Knight aliweka rehani ranchi yake mwenyewe. Shamba lenu ni la watoto wote wa mama, na sauti aliyoisikia mmoja haitoshi kuwa sahihi ya wote. Kisha muulize vitu ambavyo Knight alivijua kabla hajapiga nyundo ya kwanza. Duara la jirani linatoa mbale, yaani mawe yenye madini, za kiwango gani, na amepima maabara au amesikia tu kijiweni? Mwamba unaelekea upande upi? Leseni ya uchimbaji mdogo ya eneo hilo ina jina la nani? Fedha ya matimba (magogo ya kushikilia shimo), maji na chakula cha vijana itatosha miezi mingapi mwamba ukichelewa? Na benki ikitaka chake katikati ya miezi hiyo, mama zenu wadogo na watoto watalima wapi?

Akikujibu yote hayo kwa karatasi mkononi, niandikie tena tuyatazame pamoja. Akikosa kujibu, muombe aanze kama Knight alivyoanza, kwa kuizunguka milima kwa miguu, shamba likiendelea kulimwa.